Nani Kasema Makubadhi ni ya Wazee?

Leo naiweka kando riwaya yangu, ambayo imekwama sura ya saba, nizungumze juu ya miguu. Msicheke. Mwaka huu nimesoma hadithi nyingi za vijana wenzetu, zilizochapwa na zile ambazo bado ziko kwenye madaftari, na kuna jambo linajirudia humo kama kiitikio cha taarabu. Shujaa akiwa mjanja wa mjini, mwandishi humvisha buti au raba yenye jina kubwa la ng'ambo. Akiingia mtu kavaa makubadhi, basi ujue huyo ni babu mganga, au mzee mkali wa msikitini, au mshamba aliyeshuka basi asubuhi ile ile na kabla ya adhuhuri ataibiwa begi.

Kawaambia nani? Mie nasema huu ni uvivu wa macho, na mwandishi mwenye uvivu wa macho atatuandikia nini? Simama saa moja tu pale Kariakoo utazame chini badala ya kutazama magorofa. Utaona wanafunzi, mafundi simu, madalali na dada wa saluni wamevaa kobazi za ngozi. Mji umeshabadilika, kalamu zetu ndizo zimebaki nyuma.

Hoja yangu naitaja mapema asije mtu akanizunguka. Kijana wa mjini anayetembea sana, mwenye fedha kidogo na anayependa kupendeza, hana kiatu kinachomfaa kuliko kubadhi la ngozi halisi, lililoshonwa kwa mkono, lenye soli nyembamba na bapa, lililokatwa kwa kufuata unyayo wake mwenyewe. Anayemcheka kijana huyo anacheka bila kufikiri.

Tuanze na mguu wenyewe. Kutoka kifundo kwenda chini, kila mguu una mifupa 26. Mtoto mdogo ukimtazama nyayo, sehemu pana kuliko zote ni ile ya vidole. Vimetawanyika kama vidole vya mkono. Sasa tazama kiatu tunachokiita cha heshima: mbele kimechongoka. Mguu mpana unaingizwa kwenye mdomo mwembamba, miaka nenda miaka rudi, mpaka kidole gumba kinalalia wenzake na kifupa kinatokeza ubavuni. Michuchumio ndiyo balaa zaidi, maana uzito wote wa mwili unasukumwa mbele juu ya vidole hivyo hivyo vilivyobanwa. Mvaaji anachechemea, sisi tunasema, "Mambo hayo!" Adhabu ya kaburi aijuaye maiti.

Hapo mjuaji mmoja atadakia: "Basi tutembee peku kama zamani!" Hapana, ndugu yangu. Zamani hiyo naijua. Wengi waliotembea peku hawakuchagua, hawakuwa na fedha ya kiatu. Minyoo ya safura hupenya kwenye ngozi ya unyayo, funza nao hujichimbia kwenye vidole, na mitaa yetu ina misumari na chupa zilizovunjika. Sitaki mtu aupambe umaskini kwa maneno matamu. Ninachotaka ni kitu chembamba cha kuukinga unyayo, ambacho kinauacha ufanye kazi yake: vidole vitawanyike, kisigino na vidole vikae usawa mmoja, na mguu uijue ardhi inayoukanyaga.

Wenzetu wa Ulaya na Marekani wameligundua jambo hili wakaligeuza biashara. Mwaka 1996 Mswisi Karl Müller alianzisha viatu vya MBT, kifupi cha Masai Barefoot Technology, yaani teknolojia ya Wamasai ya kutembea peku. Jina likapendeza kwelikweli. Kiatu chenyewe kilikuwaje? Soli nene iliyopinda kama mtumbwi! Sasa mtazame Mmasai mwenyewe: kavaa katambuga za tairi la gari, bapa kama chapati, alizokatiwa na fundi wa mnadani. Jina lake limekwenda kuuzwa madukani Ulaya, na hapa mjini bado tunazicheka katambuga zake.

Wala siwaambii mwamini kila kinachosemwa juu ya viatu vya kufanana na peku. Mwaka 2010 jarida la Nature lilichapisha utafiti wa Daniel Lieberman na wenzake, waliopima wakimbiaji wa Kenya na wa Marekani. Waliona kwamba waliozoea kukimbia peku mara nyingi hutua kwa sehemu ya mbele ya mguu, na wenye viatu vya kisasa hutua zaidi kwa kisigino. Utafiti ule ulieleza namna ya kutua. Haukusema kwamba ukivua viatu basi hutaumia tena. Wafanyabiashara wakaruka mbele zaidi ya hapo. Mwaka 2014 kampuni ya Vibram, inayotengeneza vile viatu vyenye vidole, ilikubali kutoa dola milioni 3.75 kumaliza kesi ya wateja wa Marekani waliodai kwamba sifa za kiafya zilizotangazwa hazikuwa na ushahidi wa kutosha, ingawa kampuni haikukiri kosa. Kwa hiyo ukimsikia mtu anasema kubadhi linaponya mgongo na kisukari, mkimbie. Na mgonjwa wa kisukari aliyepoteza hisia miguuni asiguse soli nyembamba kabla ya kuonana na daktari, kwa sababu anaweza kuchomwa na msumari asijue.

Kuna wanaopenda kumtaja Abebe Bikila, yule Mhabeshi aliyeshinda mbio za marathoni za Olimpiki mjini Roma mwaka 1960 akiwa peku. Sawa, ni fahari yetu Waafrika. Lakini mwaka 1964 mjini Tokyo alishinda tena, safari hii kavaa viatu, na alikimbia kwa kasi zaidi. Mfano wa Bikila hauwasaidii wenye kuabudu peku, na wenye kuabudu raba hauwasaidii pia. Alikuwa na miguu yenye nguvu, basi.

Sasa niseme la moyoni. Mwaka jana nilikwenda ofisi moja ya umma kufuata karatasi yangu. Nilikuwa nimevaa shati la kitenge, suruali iliyopigwa pasi na makubadhi niliyoyapaka mafuta usiku. Mlinzi akanizuia getini.

"Kijana, humu hawaingii na ndala."

"Mzee wangu, shikamoo. Hizi si ndala, ni makubadhi ya ngozi."

"Marahaba. Ndala ni ndala tu. Agizo siyo langu."

Nyuma yangu akapita bwana mmoja kavaa viatu vyeusi vya plastiki vilivyochapwa vifanane na ngozi, vimepasuka ubavuni mpaka soksi inachungulia. Akapita bila swali. Mzee yule simlaumu, kaambiwa na wakubwa. Lakini niambieni: wazee wetu wa pwani wanapovaa kanzu, kofia na makubadhi kwenda kuoza binti au kuswali Idi, wamevaa ovyo? Vazi linalofaa mbele ya Mungu na mbele ya wakwe halifai mbele ya dirisha la kuchukulia karatasi?

Vita vya mavazi katika nchi hii havikuanza jana. Mwaka 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza Operesheni Vijana dhidi ya sketi fupi, mawigi na suruali za kubana, kwamba ni utumwa wa mawazo. Siku zile kijana alisumbuliwa kwa kuvaa cha kigeni. Leo nasumbuliwa getini kwa kuvaa cha kwetu. Kila zama wapo wakubwa wanaojua vizuri kuliko mimi kitu gani kinaufaa mwili wangu.

Na tuseme ukweli juu ya uchumi. Tanzania ina ng'ombe zaidi ya milioni 30. Kwa nini basi miguu yetu inavaa plastiki na mitumba? Tulijaribu makubwa. Morogoro kilijengwa kiwanda cha viatu kwa mkopo wa Benki ya Dunia, kikakusudiwa kutengeneza mamilioni ya jozi kila mwaka, nyingi zikauzwe Ulaya. Hakikuwahi kufikia hata asilimia 5 ya uwezo wake, na mwaka 1990 kikasimama. Kuta zake zilikuwa za alumini, bila mpango wa kuingiza hewa, katika joto lile la Morogoro! Tuliota kuwavisha Wataliano wakati hatujajivisha wenyewe. Fundi wa kibarazani mwenye msharasi, nyundo na kipande cha nta hakupewa mkopo na mtu, na bado yupo kazini.

Haya, umeshakubali. Usikimbilie jozi ya kwanza yenye shanga za kupendeza, maana mafundi nao wapo wa kila aina, na wengine huficha boksi la kadibodi katikati ya soli. Sikiliza.

Kwanza, nenda jioni, mguu ukiwa umeshatanuka kwa shughuli za mchana. Simama juu ya karatasi, usikae, fundi achore miguu yote miwili, maana ni mara chache inalingana. Aache karibu nusu sentimita mbele ya kidole kirefu, na upande wa vidole akate kama mguu ulivyo, asichonge.

Pili, tazama ukingo wa ngozi palipokatwa. Ngozi iliyodabagiwa kwa magome ya miti huwa ya kahawia mpaka ndani. Hunywa jasho, na baada ya wiki chache hushika umbo la unyayo wako. Iliyodabagiwa kwa kromu mara nyingi ina rangi ya kijivubuluu ndani. Ni laini na hustahimili maji, inafaa mikanda. Ukiona nyuzi za kitambaa upande wa chini, hiyo ni plastiki, mrudishie na umtakie siku njema. Dawa ya magome nayo siyo ngeni kwetu: magome ya mikoko ya Rufiji yalisafirishwa nje tangu enzi ya Wajerumani, na miwati ya Njombe ilipandwa kwa kazi hiyo hiyo.

Tatu, uliza imetoka sehemu gani ya ng'ombe. Ngozi ya mgongoni ni imara, ya tumboni hunyumbuka. Gidamu na mikanda ya ngozi ya tumbo italegea kabla mwezi haujaisha. Tazama pia makovu ya kupe, ya kisu cha mchunaji na ya chapa ya moto. Kwenye soli si neno, kwenye mkanda ndipo patakapokatikia.

Nne, likunje. Kubadhi zuri hukunjika kwenye vidole bila kelele. Mikanda ipite kwenye matundu ya soli na kushonwa katikati ya tabaka kwa uzi wenye nta. Iliyobandikwa kwa gundi peke yake itakuaga katikati ya barabara. Dai mkanda wa kisigino, kwa sababu bila huo vidole vinafanya kazi ya kung'ang'ania kiatu kama tunavyofanya na kandambili. Chini omba mpira mwembamba, maana ngozi tupu huteleza kwenye sakafu yenye maji.

Tano, usiwe na papara. Kama umezoea raba nene, vaa saa moja au mbili kwa siku wiki za mwanzo, mpaka misuli ya mguu na kano ya kisigino izoee. Likilowa, lianike kivulini; jua kali na jiko la mkaa hukausha ngozi ikapasuka. Kila mwezi lipake mafuta kidogo.

"Ghali!" mtasema. Yangu nilitoa shilingi 30,000. Huu ni mwaka wa tatu, na nimebadilisha mpira wa chini mara moja kwa shilingi 5,000. Piga hesabu ya yeboyebo na raba za mtumba ulizotupa ndani ya miaka mitatu, kisha tuzungumze. Na kama ni suala la kupiga pamba, nani atakuwa na jozi kama yako mtaani? Rangi umechagua wewe, mkanda umechagua wewe, na fundi anakujua kwa jina.

Narudi kwenu, waandishi. Hatuna magari, na nauli ya daladala inatupiga chenga. Riwaya zetu tunazipata kwa kutembea: Manzese, Tandika, Magomeni, sokoni, msibani. Anayeumwa miguu hafiki mbali, hukaa ndani akaiga sinema. Safari ijayo ukiandika juu ya kijana mwerevu, jasiri, anayependwa na msichana mzuri kuliko wote Temeke, hebu mvishe makubadhi, halafu usimwombee radhi msomaji. Mwandike tu kama alivyo.

Mwenye hoja ya kunipinga achukue kalamu anijibu katika kurasa hizi hizi. Nitamsoma kwa heshima. Ila akija kunitafuta ana kwa ana aje amevaa viatu vya kutembelea, kwa sababu mie sikai kijiweni.