Tangi linalovuja si siri ya mwenye gari

Mwezi uliopita nilivuka Likoni na gari langu, nikasikia harufu ya petroli. Nikadhani ni gari la mbele. Tuliposhuka ng'ambo nikainama kutazama, kumbe ni langu: tangi likidondoka tone baada ya tone. Na mnaijua feri yetu, watu husimama ubavuni mwa magari, kina mama na watoto wa shule. Wallahi nilitahayari.

Fundi alilitazama, akacheka. "Sheikh, hili tunaliziba na sabuni, kesho nalichomelea." Sabuni ya mche ndiyo dawa yetu ya siku zote, na kweli hushika siku mbili tatu. La kuchomelea nikalikataa.

Wengi hudhani tangi likimwagwa mafuta limekuwa salama. Ni kinyume chake. Kinachowaka ni mvuke wa petroli uliochanganyika na hewa, na tangi tupu ndilo lenye nafasi ya mchanganyiko huo. Kulisuuza kwa maji hakutoshi, maana mabaki hujificha kwenye kutu na maungio, na joto la kuchomelea huyatoa mvuke upya. Anayeliinamia mara nyingi ni kijana anayejifunza kazi, hata miwani hana.

Sisi wa pwani tuna msiba wetu zaidi. Magari mengi ni mitumba ya Japani, na sheria inaruhusu yaingie hadi miaka 8 tangu kusajiliwa mara ya kwanza. Yakishushwa Kilindini yanapokewa na upepo wa chumvi. Chuma cha chini kinalika polepole, na kutu ya ndani huziba chujio na kuua pampu. Gari likianza kukohoa tunabadilisha plagi, tunalaumu petroli ya kituo fulani, tangi hatulikumbuki.

Najua mtanijibu kwa neno moja: pesa. Lita ilipita shilingi 200 mwaka 2023 na mifuko haijapona. Basi tupige hesabu kwa bei hiyo hiyo. Likivuja lita moja kwa siku, ni shilingi 6,000 kwa mwezi zinazomwagika barabarani.

Mimi gari langu ni la nyumbani. Linalonikosesha usingizi ni matatu la abiria 14. NTSA hulikagua mara moja kwa mwaka, lakini sabuni hutiwa siku yoyote. Sako zinazokusanya pesa kila siku kwa wenye magari zingeweza kumweka mtu mmoja stendi, ainame achungulie chini kabla ya zamu ya asubuhi, na tangi bovu libadilishwe kwa mfuko wa sako, lirejeshwe kidogo kidogo. Dereva wa kuajiriwa hana uwezo huo, na tajiri yake halipandi.

Langu nimelibadilisha kwa la gari lililovunjwa, baada ya kulimulika ndani kwa tochi, pamoja na mipira yake na mikanda ya kulishikilia. Lile bovu fundi aliliomba alikate atengeneze jiko. Nikamnyima. Liko uani kwangu.