Jumamosi Moja Juu ya Tuta

Ombi langu ni la Jumamosi moja. Kabla mvua hazijashuka Dodoma, Singida na Shinyanga, kila kijiji chenye lambo kitoe watu wake, wazee kwa vijana, wapande juu ya tuta na kulitembea kutoka mwisho hadi mwisho. Kisha washuke upande wa chini, ule usio na maji, wautembee nao polepole, macho ardhini kama mtu aliyedondosha sindano.

Najua lambo ni nini kwenu. Mwezi wa Oktoba, visima vya mchangani vikishakauka, ndilo linaloamua kama binti ataingia darasani saa mbili au saa tano, na kama ng'ombe watashinda malishoni au njiani. Tunalipenda kwa ajili ya maji yake. Lile tuta linaloyashika ndilo tunalolisahau. Tunapita juu yake na baiskeli, na mifugo, na madumu, tukidhani ni kilima.

Tupige hesabu kidogo. Lambo la mita 100 kwa mita 100, lenye kina cha mita 3, wengi wataliita dogo. Lina mita za ujazo 30,000, na kila mita ya ujazo ya maji ni tani moja. Hizo ni tani 30,000, mzigo wa malori 3,000 ya tani kumi kumi, nao umezuiwa na udongo ulioshindiliwa tu.

Usiku wa tarehe 9 Mei 2018, huko Solai katika kaunti ya Nakuru nchini Kenya, tuta la namna hiyo lilikatika. Masika ya mwaka ule yalikuwa makubwa mno. Maji na matope yalishuka mteremkoni yakawakuta watu majumbani mwao, na waliokufa hawakupungua 47, wengi wao wanawake na watoto. Lilikuwa bwawa la udongo la shambani, ndugu wa haya tuliyo nayo. Nalitaja kwa sababu moja: wanaolala chini ya tuta wana haki ya kwanza ya kuuliza hali yake, hata kama lilijengwa na serikali, mfadhili au mwenye shamba.

Basi Jumamosi hiyo tuangalie nini? Tuanze pembeni, penye njia ya kupitishia maji yanayozidi, ambayo wataalamu huiita utoro wa maji. Mtaro huu mpana ndio uhai wa bwawa la udongo. Mvua ikizidi, maji hupita hapo bila kuligusa tuta. Utoro ukiziba, maji hupanda mpaka yapite juu ya tuta lenyewe, na tuta la udongo halivumilii jambo hilo. Maji huanza kuula mgongo wake kutoka chini kwenda juu, na baada ya saa chache, pengine pungufu ya hapo, pamebaki pengo.

Sasa fikirini ni mara ngapi tunauziba kwa mikono yetu. Mvua zikielekea mwisho tunapanga viroba vya mchanga pale utoroni ili lambo lishike maji zaidi. Tukipandikiza perege tunafunga wavu au fito ili samaki wasitoroke. Mwingine ameona mtaro mkavu wenye udongo mzuri, kalima mahindi. Hakuna anayefanya hivyo kwa ubaya, na ndiyo maana naomba tuzungumze kama ndugu. Kule Pennsylvania, nchini Marekani, juu ya mji wa Johnstown, bwawa la udongo liitwalo South Fork lilikuwa mali ya klabu ya matajiri waliopenda uvuvi. Waliweka nyavu za chuma kwenye utoro ili samaki wao wasiondoke, na tuta likashushwa ili magari ya farasi yapite juu yake kwa raha. Mabomba ya chini ya kutolea maji yalikuwa yameng'olewa zamani na hayakurudishwa. Tarehe 31 Mei 1889 mvua kubwa ilinyesha, takataka zikakwama kwenye nyavu, maji yakapita juu ya tuta pale katikati palipobonyea. Walikufa watu zaidi ya 2,200.

Kwa hiyo mkiwa juu ya tuta, mmoja asimame mwisho huu, mwingine mwisho ule, mtazame kama limenyooka. Pale ng'ombe wanapovuka kila siku patakuwa pamebonyea, na hapo ndipo maji yatakapochagua. Pajazwe udongo unaofaa, ushindiliwe tabaka kwa tabaka, na mifugo itengenezewe njia mahali pengine.

Najua kinachotusukuma kuziba utoro: lambo linapungua. Hili si jambo la jana. Watafiti wa vyuo vikuu vya Uppsala na Dar es Salaam, wakiongozwa na Msweden Anders Rapp, walipima mabwawa ya Ikowa, Matumbulu, Msalatu na Imagi karibu na Dodoma, na mwaka 1972 wakachapisha walichokiona: udongo uliochukuliwa na mvua kutoka mashambani na malishoni ulikuwa unayajaza kwa kasi. Tope likikaa, maji hukosa mahali, nasi tunataka kuyainua. Dawa yake iko juu ya lambo, kwenye vilima: matuta ya kontua, majani yasiyochungwa mpaka yakaisha, na zile mita 60 kandokando ya maji ambazo Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inataka ziachwe bila shughuli za kudumu za kibinadamu wala zile zinazoweza kuyadhuru. Kuinua maji juu ya tuta ambalo halikusanifiwa kuyashika ni kukopa bila kujua siku ya kulipa.

Upande wa chini wa tuta ndio unaosema zaidi. Tafuteni mahali palipo na majani mabichi wakati kwingine kote ni kukavu, au ardhi inayodidimia chini ya kisigino. Mabwawa mengi ya udongo huvuja kidogo, na maji yanayotoka yakiwa meupe, machache, yasiyoongezeka, yawekewe alama na kuangaliwa kila wiki. Yakitoka na rangi ya udongo, hali ni nyingine kabisa: tuta linaliwa kwa ndani, chembe kwa chembe, na mfereji unarefuka kuyafuata maji yalipo. Hiyo ni taarifa ya saa ileile, hata kama ni usiku wa manane.

Hapa nataka kuiongezea neno methali yetu ya kuziba ufa. Ni methali ya kweli, lakini kwenye tuta inahitaji subira. Ukikandika tundu linalotoa maji upande wa chini kwa mfinyanzi, maji yaliyo nyuma hayaachi kusukuma. Yanatafuta pengine, na safari hii hutayaona. Mafundi wanaojua hutanguliza mchanga safi, kisha kokoto, kisha mawe, ili maji yapite na udongo ubaki. Ufa ulio juu ya tuta nao usifukiwe haraka haraka. Uwekeeni vigingi kila upande, pimeni upana kwa kamba, mwiteni mtaalamu auone ukiwa wazi.

Mashimo ya panya, kaa na mhanga, na vichuguu vya mchwa, vioneshwe navyo. Miti isiachwe kukua juu ya tuta, kwani mizizi ikioza huacha mirija. Ukoka mfupi ndio unaofaa. Na chini kabisa kuna koki ya bomba la kutolea maji. Ufunguo wake uko kwa nani? Ifungueni, mhakikishe inafunguka, maana siku ya hatari kupunguza maji mapema kunaweza kuokoa kila kitu. Bomba hilohilo likipeleka maji kwenye mbauti za mifugo na vilula upande wa chini, watoto wetu hawatalazimika kuingia kwenye tope la lambo wakiwa na ndoo, mahali ambapo mtoto mmoja anaweza kuzama bila mtu kusikia.

Mkishaona, andikeni. Daftari la shule linatosha: tarehe, kina cha maji, kilichoonekana, jina la aliyekiona. Lisomwe kwenye mkutano mkuu wa kijiji, nakala iende kwa mtendaji, kwa Wakala wa Maji na Usafi wa Mazingira Vijijini (RUWASA) wilayani na kwa bodi ya maji ya bonde lenu. Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009 ina sehemu nzima ya usalama wa mabwawa, na mhandisi akipokea vipimo vya wiki sita mfululizo ana pa kuanzia pazuri zaidi kuliko akipokea malalamiko ya siku moja. Kama lambo ni la mtu binafsi, mfuateni kwa heshima, nendeni naye hadi tutani, mwonyesheni.

Limebaki jambo la usiku. Siku mvua itakaponyesha bila kukatika, nani atakwenda kuangalia lambo, na atakwenda na nani? Mtandao wa simu ukipotea, mtapiga kengele ya shule, pembe, au kipaza sauti cha msikiti na kanisa? Watoto wajue kwamba wakisikia mlio huo wanakimbia kuelekea kwenye mwinuko wa pembeni, wala hawafuati korongo. Halafu tazameni nyumba ya mwisho kule bondeni, ya bibi ambaye masikio yake yamechoka. Mwandikeni kwenye daftari, na pembeni ya jina lake liwepo jina la atakayemgongea mlango.