Nani Atatufundisha Kunyooka? Freemason, Waganga na Mizani ya Pamba Simiyu

  

Ndugu Waislamu, yapo maswali mawili ambayo yamekuwa yakituandama kila tunapoizungukia misikiti ya mkoa wetu wa Simiyu, kuanzia Bariadi mjini hadi Maswa, Meatu, Itilima na Busega. La kwanza huulizwa na kijana asiye na kazi, kwa sauti ya chini, darsa ikishamalizika: je, ni kweli mtu akijiunga na Freemason hutajirika? La pili huulizwa na kijana aliyesoma, naye huuliza bila kificho: mafunzo yao yanamhimiza mtu autumie vyema muda wake, awe mnyoofu, aichonge tabia yake kama fundi anavyolichonga jiwe, basi kuna ubaya gani tukiyachukua hayo tukaishi maisha yenye lengo?

Tumeona tuyajibu yote mawili. Kisha tutaongeza la tatu, ambalo hakuna aliyetuuliza, kwa kuwa linatuhusu sisi wenyewe tunaokaa safu ya mbele.

HAO FREEMASON NI NANI?

Kabla ya kuhukumu, ni wajibu kujua. Freemason ni jumuiya iliyojipanga rasmi London mwaka 1717, pale vikundi vinne vilipoungana na kuunda baraza kuu moja. Imejengwa juu ya mfano wa mafundi waashi. Mwanachama hupanda daraja tatu: mwanafunzi, fundi, kisha fundi mkuu. Zana za ujenzi hufanywa alama za tabia: skwea ni uadilifu, bikari ni kuzizuia tamaa, timazi ni unyoofu, pima maji ni usawa wa wanadamu. Rula ya inchi 24 ni saa 24 za siku, ambazo mtu hutakiwa kuzigawa baina ya ibada, kazi na mapumziko. Jiwe ghafi ni mtu kabla ya malezi, na jiwe lililochongwa ni mtu baada ya malezi.

Hapa kwetu waliletwa na ukoloni wa Kiingereza. Jengo lao Dar es Salaam lipo katikati ya mji, Barabara ya Sokoine, wala halijafichwa porini. Kiongozi wao aliyejulikana zaidi Afrika Mashariki alikuwa marehemu Sir Andy Chande, aliyezaliwa Mombasa mwaka 1928, akakulia Bukene, Tabora, na kufariki mwaka 2017. Huyu hakuuficha uanachama wake. Na mali ya ukoo wake ilijulikana ilikotoka: duka, kisha viwanda vya kusaga nafaka, ambavyo Serikali ilivitaifisha mwaka 1967. Basi tujiulize: kama jumuiya hiyo ingekuwa inagawa utajiri usiokatika, kwa nini haikumkinga na Azimio la Arusha mtu aliyekuja kuwa kiongozi wake?

UTAJIRI WA UJUMBE WA SIMU

Swali la kwanza linajibika kwa urahisi. Ujumbe unaoingia katika simu za vijana wetu, na karatasi zinazobandikwa kwenye nguzo zikiahidi gari, nyumba na pete ya bahati, ni wizi mtupu. Mwendo wake ni mmoja. Kwanza hudaiwa ada ya fomu, nayo ni ndogo. Kisha hudaiwa ada ya kusajiliwa, kisha ya pete, kisha ya kuzifungua fedha ambazo eti zimekwisha kutumwa. Kila ada hupitishwa kwenye simu, kwa namba ya mtu ambaye uso wake haujaonekana. Kijana akishaishiwa, hutishwa kwamba akisema atakufa. Kitisho hicho ndicho kufuli la wizi wenyewe, maana anayeogopa kufa haendi polisi, na anayeona aibu hamwambii imamu wake.

Lakini tusimcheke kijana huyo. Ameuza mbuzi wa mama yake kwa sababu alikwisha kuamini jambo moja kabla ya ujumbe haujafika: kwamba utajiri hauji kwa kazi bali kwa siri. Itikadi hiyo hakuipata London. Ameirithi hapa hapa, kwa mganga aliyempa baba yake dawa ya kuvuta wateja, na kwa hirizi aliyofungwa kiunoni akiwa mchanga. Mtume (s.a.w.) ametuonya, katika hadithi iliyopokewa na Muslim, kwamba anayemwendea mpiga ramli akamuuliza jambo hazikubaliwi swala zake siku 40. Mwenye kumwendea mganga asubuhi na kuja kulaani Freemason jioni, amebadilisha jina tu. Ugonjwa ni ule ule.

TIMAZI BILA MSINGI

Swali la pili lahitaji jibu la heshima, kwa kuwa muulizaji ametumia akili. Hatutamwambia kwamba unyoofu ni mbaya kwa sababu umetajwa na Freemason. Wala hatutamficha kwamba wako wanazuoni waliowahi kuingia humo: Jamaluddin al-Afghani na mwanafunzi wake Muhammad Abduh waliingia Cairo katika miaka ya 1870. Hata hivyo, mwaka 1978 Baraza la Fiqhi la Rabita mjini Makka liliichunguza jumuiya hiyo na kutoa uamuzi mzito wa kumkataza Muislamu kujiunga nayo. Kanisa Katoliki nalo liliwakataza waumini wake tangu mwaka 1738, na Vatikani ilikariri katazo hilo mwaka 2023. Sisi tunasimama kwenye katazo, na hoja zetu ni tatu.

Kwanza, Freemason humtaja Mungu kwa jina la Msanifu Mkuu wa Ulimwengu, na kumwachia kila mwanachama amjaze maana aipendayo, ili wenye dini mbalimbali wakae pamoja bila ugomvi. Hiyo huenda ikafaa kwa chama cha ujirani. Haifai kuwa msingi wa lengo la maisha. Lengo la maisha halijulikani mpaka ajulikane aliyetuumba na alilotuumbia, na Qur'ani imekwisha kulijibu hilo katika Suratudh-Dhariyat, aya ya 56: tumeumbwa ili tumwabudu Yeye peke yake. Tena katika Suratut-Tawba, aya ya 109, tumepigiwa mfano wa majengo mawili, moja limesimama juu ya uchamungu na jingine limejengwa ukingoni mwa bonde linalomomonyoka. Fundi yeyote wa Bariadi anajua kwamba ukuta unaweza kuwa umenyooka kwa timazi, na masika moja yakauangusha kwa sababu hauna msingi.

Pili, mafunzo hayo hufungwa kwa kiapo cha siri. Muislamu ataapaje kwa jambo asilolijua bado? Mtume wetu (s.a.w.) alipoamrishwa kutangaza, alipanda mlima Safa akawaita watu kwa makabila yao. Adhana yetu hutolewa juu, aisikie anayetaka na asiyetaka. Kheri ya kweli haihitaji mlinzi mlangoni.

Tatu, alama hizo tunazo, tena kwa uzito zaidi. Nabii Ibrahim na Ismail (a.s.) waliinua misingi ya Nyumba Tukufu huku wakiomba ikubaliwe kazi yao, hao ndio mafundi wetu. Rula yetu ya kugawa siku ni swala tano, ambazo hata mjane anayepalilia pamba Itilima anazo bila ada wala daraja. Pima maji yetu ni safu, ambamo mfanyabiashara husimama bega kwa bega na mchunga ng'ombe. Mtume (s.a.w.) ametufananisha waumini na jengo ambalo sehemu zake hushikana. Kijana wetu anayetafuta jiwe la kuchongwa amelipita mlangoni kwake.

SWALI LA TATU: KWA NINI AMELIPITA?

Hapa ndipo penye uchungu. Kijana amelipita kwa sababu hajaliona kwetu. Ametusikia tukisoma Suratul-Mutaffifin, inayowatishia adhabu wanaopunja vipimo, kisha akatuona msimu wa pamba. Mkoa wetu ni wa pamba. Shule, harusi na bati la nyumba hutokana nayo. Je, ni nani asiyejua yanayotendeka? Yuko mkulima anayenyunyiza maji na kutia mchanga kati ya pamba ili mzigo uzidi uzito. Yuko na mnunuzi anayeichezea mizani ili kilo zipungue. Kila mmoja hujitetea kwa wizi wa mwenzake, na wote wawili huonekana msikitini Ijumaa.

Mtume (s.a.w.) alipita sokoni akatia mkono wake katika lundo la nafaka, vidole vikakuta unyevu. Mwenye mali akadai ni mvua. Akaulizwa ni kwa nini basi hakuiweka iliyolowa juu watu waione, na likatoka tamko kwamba mdanganyifu si katika sisi. Hadithi hiyo ameipokea Muslim. Nafaka ile na pamba yetu iliyonyunyiziwa maji zina tofauti gani? Wanaokaa na timazi ya mfano ukutani tunawakosoa. Sisi tuliopewa Mizani na Mola wetu, katika Suratur-Rahman, tumeifanyia nini?

DHANA NA DAMU

Liko na jambo la kutisha zaidi. Katika misikiti yetu imezuka tabia ya kumwita Freemason kila aliyefanikiwa. Fulani amejenga ghorofa, ni Freemason. Fulani amefiwa na mtoto, amemtoa kafara. Wengine huyasema hayo wakiwa juu ya mimbari. Hii si kuupinga upotofu. Ni usengenyaji na dhana, ambavyo Suratul-Hujurat, aya ya 12, imevikataza, baada ya aya ya 6 kutuamrisha tuichunguze kila habari kabla ya kumdhuru mtu kwa ujinga.

Na sisi watu wa Usukumani tunajua dhana huishia wapi. Mabibi vikongwe wameuawa kwa mapanga kwa sababu macho yao yalikuwa mekundu, na wekundu huo ulikuwa ni wa moshi wa jikoni wa miaka mingi. Ndugu zetu wenye ualbino wameuawa kwa sababu mganga alimwambia mtafuta mali kwamba kiungo cha mwanadamu huleta utajiri. Mwaka 2009, Bariadi ikiwa ingali sehemu ya Mkoa wa Shinyanga, Mahakama Kuu iliyoketi Kahama iliwahukumu kunyongwa watu watatu kwa kumuua mtoto mwenye ualbino. Serikali iliwapiga marufuku waganga mwaka huo, na ikarudia mwaka 2015. Itikadi iliyoua ni ile ile: kwamba mali hutoka katika kafara. Khatibu anayewafundisha watu kwamba tajiri fulani ametajirika kwa damu, ameithibitisha itikadi hiyo mbele ya kijana maskini anayemsikiliza, hata kama nia yake ilikuwa kuikemea.

NASAHA YETU

Kwa hiyo tunawaomba Maimamu na kamati za misikiti ya mkoa huu mambo haya. Asitajwe mtu kwa jina juu ya mimbari kwa jambo lisilo na ushahidi. Aliyetapeliwa apokewe bila kuaibishwa, asindikizwe polisi. Sadaka na zaka zikusanywe kwa utaratibu, na sehemu ya wanaostahiki iwafikie vijana mafukara kama mtaji, maana tumbo tupu haliongozwi kwa hotuba pekee. Kila ufikapo msimu wa ununuzi, khutba moja iwe ya mizani, na Waislamu waliomo katika vyama vya msingi vya ushirika wawe wa kwanza kuzilinda. Na bibi kikongwe au mtoto mwenye ualbino anayeishi jirani na msikiti ajue kwamba usalama wake ni amana ya waumini wa msikiti huo.

Tukifanya hayo, kijana wetu hatakuwa na haja ya kuuliza wapi hufundishwa unyoofu. Ataiona pamba kavu juu ya mizani sahihi, naye atajua ni nani aliyewafundisha wenye pamba hiyo.

Tunamuomba Mwenyezi Mungu (s.w.) atunyooshe sisi kabla ya kutuma ndimi zetu kwa wengine. Wabillahi tawfiq.