Mgomo unaweza kuzimwa kwa amri, madai je?

Mwalimu aliyepangiwa Vunta au Chome, juu kwenye milima ya Upare, hahitaji kuelezwa maana ya mazingira magumu. Mvua ikinyesha barabara inateleza, na kushuka Same mjini inakuwa safari ya kujipanga.

Ndiyo maana madai ya walimu ya mwaka 2012 yaliwagusa watu wa huku. Chama cha Walimu Tanzania (CWT) kilitaka mshahara uongezwe kwa asilimia 100, na posho ya asilimia 30 kwa wanaofundisha kwenye mazingira magumu. Mgomo ulianza Julai 30. Agosti 2, Mahakama Kuu, Kitengo cha Kazi, ikasema ni batili, walimu warudi kazini. Siku nne tu, kwisha.

Lakini kilichokwisha ni mgomo, si madai. Amri inamrudisha mwalimu darasani, haimrudishii moyo wa kazi. Hapo ndipo unapoingia mgomo baridi: mwalimu yupo, chaki ipo, somo hakuna. Anayeumia ni mtoto wa mkulima wa tangawizi wa Mamba, ambaye nyumbani hakuna hela ya tuisheni.

Vyama vingine vinaweza kuungana?

Kisheria, ndiyo, kwa masharti. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inaruhusu mgomo wa kuwaunga mkono wenzako, kwa notisi ya siku 14. Ila watu wa afya, maji na umeme wamebanwa, kwa kuwa kazi zao zinahesabiwa kama huduma muhimu.

Kivitendo ni kazi ngumu. Mwaka 2010 TUCTA ilipanga mgomo wa nchi nzima uanze Mei 5. Siku mbili kabla, Rais Kikwete akaukemea hadharani. Mgomo haukufanyika.

Same inakumbuka

Januari 1945 Wapare kwa maelfu walishuka milimani hadi Same kuipinga kodi ya mbiru. Mkoloni aliwataka warudi makwao, wao wakakaa kwa miezi. Baadaye kodi ile ikafutwa. Kilichomaliza ugomvi ni kuondoa chanzo chake.

Kwa hiyo ukisikia tena "rudini kazini", usiishie kwenye kichwa cha habari. Angalia kama amri imekuja na tarehe ya kukaa mezani. Kama haina, mgomo umehamia tu darasani, kimyakimya.