Umri wa mashua wageuka kikwazo cha bima

WAMILIKI wa mashua kuukuu za matanga wanaovuka Atlantiki kuelekea Karibea wanakabiliwa na tatizo zito kuliko mawimbi: kupata kampuni itakayokubali kuwakatia bima.

Hali hiyo ilizidi baada ya vimbunga Irma na Maria kuvamia visiwa vya eneo hilo Septemba 2017 na kuangamiza mashua nyingi, zikiwemo zilizotia nanga. Baada ya kulipa fidia kubwa, baadhi ya kampuni zilijiondoa. Zilizobaki zilipandisha ada na kukaza masharti.

Mashua iliyopita miaka 20 au 30 aghalabu hutakiwa kupandishwa nchi kavu ili ikaguliwe na mtaalamu. Nyaya zinazoshikilia mlingoti nazo huenda zikatakiwa kubadilishwa zikifikisha miaka 10 hadi 15, hata kama hazina kasoro. Aidha, msimu wa vimbunga, Juni hadi Novemba, mashua ikibaki katika eneo la hatari huenda mmiliki asifidiwe.

Tahadhari hiyo ina mantiki. Hata hivyo, chombo cha mwaka 1980 kilichotunzwa vyema chaweza kuwa salama kuliko kipya kilichopuuzwa. Mmiliki anayekataliwa kwa sababu ya umri wa mashua pekee hushawishika kusafiri bila bima. Vituo vingi vya kuegesha mashua humkataa, na akigonga chombo cha mwingine, mwathiriwa hukosa wa kumlipa.

Ndiposa ripoti ya mkaguzi yapaswa kupewa uzito kuliko mwaka wa kuundwa, na bima ya kufidia wengine isinyimwe chombo kilicho imara. Ajali haina kinga, lakini hasara yake yaweza kugawanywa.