Kutayarisha Lori kwa Safari ya Sibiloi

Barabara ya lami itokayo Isiolo hupita Marsabit ikaendelea hata Moyale. Dereva aendaye Mbuga ya Taifa ya Sibiloi, iliyoanzishwa mwaka 1973 kandokando ya Ziwa Turkana, huiacha lami hiyo baada ya Marsabit, akashika njia ya Maikona, Kalacha na North Horr. Huko mawe meusi ya volkano huchana tairi ubavuni, mahali ambapo kiraka hakishiki. Gurudumu moja la akiba halitoshi; afadhali mawili.

Lakini hasara nyingi hutokana na mzigo. Wengi, kwa kuogopa kupungukiwa, hupakia kila kitu, na madebe ya mafuta huyaweka juu kabisa. Lori likiyumba, uzito huo huweza kulipindua. Mafuta na maji yakae chini, mbele ya ekseli ya nyuma, yafungwe imara. Na bolti za springi zikazwe tena jioni ya kwanza, maana mtikisiko huzilegeza.

Mchangani upepo wa tairi hupunguzwa, nao hujazwa tena kabla ya kurudi kwenye mawe. Basi pampu ni lazima, pamoja na ubao wa kuweka chini ya jeki isizame.

Jangwa la Chalbi likikauka ni gumu kama sakafu. Mvua ikinyesha hugeuka tope la chumvi, wala hakuna matayarisho yatakayolivusha lori. Hapo dereva mwenye busara huwauliza wenyeji hali ya njia, akangoja. Na chakula na maji ya siku hizo za kungoja huhesabiwa kabla ya kuondoka Marsabit.