Usiniambie Amepata Ngapi, Niambie Amekosea Vipi

Hebu fanya hii kichwani: 52 toa 38. Umepata 14, sindio? Sasa kuna mtoto wa Gredi ya Tatu ameandika 26. Mwalimu anapiga X nyekundu na kuvuta daftari linalofuata, maanake darasa lina watoto 70.

Lakini itazame tena hiyo 26. Mtoto hakukisia. Ameona 2 ni ndogo kwa 8, akageuza: 8 toa 2 ni 6, halafu 5 toa 3 ni 2. Ana kanuni yake, na ataitumia hadi mtu amketishe amwonyeshe kukopa kwenye makumi. Ukimpa hesabu ishirini zaidi, atakosea mara ishirini.

Ndiyo maana nasema walimu waketi pamoja na madaftari, si na orodha ya alama. Watatu wanne hivi, saa moja kwa wiki. Wapange kazi kwa aina ya kosa: hawa wanageuza tarakimu, hawa wanakopa kisha wanasahau kupunguza, hawa hesabu wanajua ila Kiingereza cha swali ndicho kimewalemea. Rundo hilo la mwisho, mwalimu wa hesabu akiwa peke yake ataliita uvivu. Mwenzake wa lugha ataling'amua chap chap. Kila rundo lipewe somo lake, na wiki ijayo maswali machache ya kuona kama limepungua.

Si ndoto za blogu hizi. Japani, walimu huandaa somo pamoja na kulichunguza pamoja, na ndio waliotusaidia kuanzisha mradi wa SMASSE mwaka wa 1998 kuwanoa walimu wa hesabu na sayansi. Sisi tumezika KCPE 2023 lakini bado tunauliza mtoto amekuwa nambari ngapi.

Mimi niliacha chuo. Karo ilichangia, sitakudanganya, lakini somo la takwimu ndilo lilinimaliza. Hadi umri huo nilikuwa nikijumlisha 1/2 na 1/3 napata 2/5, juu kwa juu, chini kwa chini. Yaani una nusu chapati, unaongezewa kipande, unabaki na chini ya nusu! Kosa hilo lilianza Darasa la Tano na kila mwalimu aliyenifunza alilipiga X. Chini yake: "Jitahidi." Nijitahidi wapi sasa?

Mwalimu, najua utauliza saa yenyewe itoke wapi. Una haki. Itoke kwa makaratasi ya TPAD, na TSC iiweke kwenye ratiba kama kipindi kingine chochote, si baada ya saa kumi jioni ukiwa umechoka.

Na wewe mwenye mdogo wako nyumbani, chungulia daftari lake leo usiku. Ukipata X tatu zinazofanana, zipeleke siku ya wazazi, umuulize mwalimu wa hesabu kama wenzake pia wameziona.